Betri Imekufa, Mkopo Uko Hai: Kwa Nini Haibridi Zinawatesa Madere wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Wasee, mnakumbuka 2023? Septemba petroli ilifika shilingi 211.64 kwa lita pale Nairobi, Oktoba ikagonga 217.36. Mombasa huwa tunalipa chini kidogo kwa sababu meli inashukia hapa kwetu, lakini hata sisi tulivuka mia mbili. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikuwa imepandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila mwenye ndai akaanza kupiga hesabu na vidole.

Hapo ndipo jina la Toyota Aqua likawa kama salamu. Dere wa teksi za mtandaoni kule Bamburi, mwalimu wa Mtongwe, kijana wa kupitisha mizigo pale Port Reitz, wote wakawa na wimbo mmoja: tafuta haibridi, hiyo inakunywa kidogo.

Na hawakukosea. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unatembea kilomita 150 kwa siku. Gari ya kawaida ikienda kilomita 12 kwa lita, unachoma lita 12.5. Haibridi yenye afya ikienda 20 kwa lita, unachoma 7.5. Lita 5 umeokoa. Kwa bei ya 180 hiyo ni mia tisa kwa siku, na ukifanya kazi siku 26 ni 23,400 kwa mwezi. Hiyo ni pesa ya kulipa mkopo, si mchezo.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inasimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ni betri. Sasa ni 2026, na zile ndai zilizoletwa kwa fujo miaka ile zimezeeka. Ingia gereji za Magongo ama Mtopanga uone Aqua imeng'olewa kiti cha nyuma, fundi ameinama na spana, mwenyewe amesimama kando na simu, anauliza watu bei ya betri.

Kabla ya kumlaumu fundi, ama gari, ama nyota yako, tuangalie hii kitu ilianzia wapi.

Miaka 8 ya serikali, miaka 8 ya betri

Kenya ina kiwango kinaitwa KS 1515:2000, kinasimamiwa na KEBS. Kinasema gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza kule lilikotoka. Ndiyo maana tangu Januari 2026, zinazoruhusiwa kuingia ni zile za 2019 kuja juu.

Sasa weka hiyo kando ya kitu kingine. Kule Marekani, Toyota kwa miaka mingi iliipa betri ya haibridi dhamana ya miaka 8 ama maili 100,000, chochote kitakachotangulia. Ni kuanzia modeli za 2020 ndipo ikasogeza hadi miaka 10 ama maili 150,000.

Umeiona? Sheria yetu inakuruhusu ununue gari mpaka pale pale ambapo mtengenezaji mwenyewe alikuwa anaacha kuahidi. Na dhamana yenyewe haipandi meli. Ukinunua mtumba wa Japani, umenunua na hatari yake yote.

Aqua ilianza kuuzwa Japani Desemba 2011. Ile ya 2012 ingeweza kushushwa Kilindini mpaka 2019. Leo hiyo gari ina miaka 14. Prius za 2010 na 2011 ni kubwa zake. Hizo ndizo zinabeba watu kutoka Moi International Airport kwenda hotelini, na ndizo zinapanga foleni ya feri kila asubuhi.

Mambo ya kilomita nayo tusifichane. Namba ya kwenye dashibodi inarudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta kwa muda wa kunywa chai. Betri haina huruma na huo uongo. Yenyewe inajua imetembea wapi.

Kile kiwango kina mwaka 2000 kwenye jina lake. Prius ya kwanza duniani iliingia sokoni Japani Desemba 1997. Sheria iliandikwa wakati swali lilikuwa ni breki, taa, tairi na kutu. Gari linakaguliwa kabla ya kupanda meli, na cheti kinatoka. Lakini cheti hicho hakikwambii betri imebaki na nguvu kiasi gani, yaani ule uhai ulioulipia.

Joto letu, chumvi yetu

Watu hupenda kutoa mfano wa Mongolia. Ulaanbaatar imejaa Prius za mtumba, na zinatembea mwaka baada ya mwaka kwenye baridi ya kugandisha kope. Basi msee anasema, kama zinaishi huko, hapa zitashindwa vipi?

Ndugu yangu, betri ya aina hii inaogopa joto. Aqua na Prius za miaka ile zinatumia betri ya nikeli. Aqua ina moduli 20, kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28, volti 201.6. Betri hiyo haina maji ya kuipoza. Inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma.

Sasa fikiria Februari na Machi hapa kwetu, nje digrii 32 na unyevu wa kukufanya uoge mara tatu. Gari limeanikwa juani Kongowea tangu asubuhi, madirisha yamefungwa. Hewa ambayo feni inavuta ni ya moto. Na lile tundu? Abiria ameweka mkoba juu yake, mchanga wa pwani umeingia, nywele na vumbi la miaka 10 vimejazana. Betri inapumua kama mtu aliyezibwa pua.

Ongeza chumvi. Moduli zimeunganishwa na vipande vya shaba. Hewa ya bahari ikikutana na shaba, inatoa ile kutu ya kijani. Kiungo kikiwa kichafu, umeme unapita kwa shida, na kompyuta ya gari inasoma kama betri ni mbovu. Wakati mwingine betri bado ina maisha, ni shaba tu inalia.

Makosa ya foleni ya Likoni

Hii moja wengi hatuijui na inatugharimu. Ukiwa kwenye foleni ya feri, AC iko juu, gari limesimama, unaweka gia ya N ili mguu upumzike. Kwenye gari ya kawaida hakuna neno. Kwenye haibridi za Toyota, ukiwa kwa N, mfumo hauchaji betri kubwa. Na AC yake haizungushwi na mkanda wa injini, inakula umeme wa betri hiyo hiyo. Kwa hivyo unaifyonza betri nusu saa nzima bila kuirudishia kitu.

Weka P. Ukiwa kwa P, betri ikishuka injini itajiwasha yenyewe na kuchaji. Ni kitu cha bure kabisa. Mwambie na mwenzako.

Lingine ni kukausha tanki. Haibridi ikiishiwa petroli itaendelea kujivuta kwa umeme, na dere wa hasla anaona amepata ujanja wa kufika petroli stesheni ya Ujamaa. La hasha. Gari hizi hazina stata ya kawaida. Injini inaamshwa na mota inayotumia betri kubwa. Ukiimaliza yote, hata ukijaza mafuta mpaka shingoni, injini haiamki. Utavutwa. Na ukivutwa, hakikisha magurudumu ya mbele yameinuliwa, la sivyo unachoma vitu vingine.

Na ukipeleka AC kujazwa gesi, mwambie fundi hii ni kompresa ya umeme. Inataka oili yake maalumu isiyopitisha umeme, ile ya Toyota inaitwa ND-11. Ukitiwa oili ya gari ya kawaida, umeme unavuja ndani ya kompresa, gari linakataa kuwaka, halafu unaambiwa tatizo ni betri. Kwa mji huu ambao AC ni kama chakula, kosa hilo ni rahisi sana kufanyika.

Kabla hujauziwa betri

Tuje kwa dashibodi. Ile pembetatu nyekundu imewaka. Fundi amechomeka mashine ya diagnosi, imetoa kodi P0A80. Tafsiri yake ya haraka mtaani ni "toa betri, weka ingine." Pole pole.

Kwanza, angalia betri ndogo ya volti 12. Kwenye Aqua iko nyuma, chini ya kiti. Ikichoka inaleta vituko vya kila aina: taa zinawaka ovyo, neno READY halitokei, milango inagoma. Kupima volti zake ni dakika mbili.

Pili, safisha feni na tundu la hewa. Kama ulikuwa unasikia feni inavuma kwa nguvu kama inataka kupaa, hiyo ilikuwa ni dalili, si mapambo.

Tatu, fungua vipande vya shaba, visafishwe, virudishwe kwa kipimo. Baharini hapa kazi hii ingekuwa ya kawaida kama kubadilisha oili.

Nne, angalia maji ya inveta. Yana tangi lake dogo na pampu yake ya umeme, mbali na rejeta ya injini. Washa gari, chungulia kwenye tangi hilo. Maji yanapaswa kutikisika. Yakiwa yametulia kama kidimbwi, pampu imelala, na ukiendelea kuendesha utaua inveta, ambayo bei yake itakufanya ulie.

Tano, na hii ndiyo ya muhimu, mwambie fundi akuonyeshe volti za kila kundi la moduli, gari likiwa linabeba mzigo, likipanda mlima wa Makupa ama daraja la Nyali. Betri nzima, namba zinakaribiana. Betri inayokufa, kundi moja linaporomoka peke yake. Kodi pekee haitoshi kukutoa laki moja mfukoni. Namba zitoshe.

Wenye Honda Fit na Vezel, stori yenu ni tofauti. Zile zilizotoka 2013 zinatumia betri ya lithiamu na gia ya klachi mbili. Fit haibridi hiyo ilirudishwa kiwandani Japani mara 5 ndani ya takriban mwaka mmoja, 2013 hadi 2014, sana sana kwa sababu ya programu ya gia. Ukinunua, tumia namba ya chasi kuangalia kwenye tovuti ya Honda Japani kama kazi hiyo ilifanywa. Gari linaloruka ama kusita likianza kutembea si lazima liwe na betri mbovu.

Seli moja moja: dawa ama kiini macho?

Sasa betri imekufa kweli. Mtaani kuna njia tatu. Mpya, inayopita laki moja. Iliyotumika kutoka gari lililogongwa, makumi ya maelfu. Ama fundi abadilishe zile moduli mbovu tu, bei ya chini kabisa.

Njia ya tatu ndiyo inapendwa, na ndiyo inarudisha watu gereji. Moduli 20 zimezeeka pamoja kama wazee wa kijiji. Ukitoa mbili ukaweka mbili ambazo nguvu yake ni tofauti, hazitembei mwendo mmoja. Baada ya miezi michache inaanguka nyingine, halafu nyingine. Fundi si mwizi. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo, isipokuwa moduli zote zimepimwa, zikapangwa kwa nguvu zinazolingana na kuchajiwa upya. Muulize fundi kama alifanya hivyo. Akikutazama kama umeongea Kichina, rudisha spana zako.

Kwa upande wa pesa, rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Betri ikichoka na gari likashuka kutoka kilomita 20 hadi 14 kwa lita, kwa zile kilomita 150 unachoma lita 10.7 badala ya 7.5. Hiyo ni karibu 580 zaidi kila siku, zaidi ya 15,000 kwa mwezi. Ni pesa inayopotea kimya kimya kabla taa yoyote haijawaka. Dere anaona tu wiki hii haikuingia vizuri. Halafu siku gari linapozima kabisa, mkopo wa logibuku hauzimi. Wiki mbili za kutafuta betri ni wiki mbili za riba, na mwenye kukopesha anajua gari linalala wapi.

Ndiyo maana mimi nasema hii si habari ya magari tu. Ni habari ya nani anabeba hatari. Muuzaji wa Japani amepata yake. Meli imepata yake. Ushuru umelipwa hapo bandarini. Yadi imepata faida. Aliyebaki na betri ya miaka 14 ni yule wa mwisho kwenye laini.

Kuna wa kufa hapa

Na si mfuko tu ulio hatarini. Volti 144 za mkondo wa moja kwa moja zinaua. Inveta ya Aqua inaweza kuzipandisha mpaka volti 520. Waya zote za rangi ya machungwa ndizo hizo.

Utaratibu uko wazi: zima gari, weka ufunguo mbali, toa waya wa betri ndogo, chomoa plagi ya usalama, subiri angalau dakika 10 umeme ulioko kwenye inveta uishe, pima uhakikishe, na muda wote vaa glavu za mpira za kazi ya umeme. Sasa tembea gereji zetu uone wangapi wana hizo glavu. Vijana wanafungua na mikono mitupu, jasho limewatota, wengine hata saa ya chuma hawajavua. Hao ni ndugu zetu. Wamejifundisha kwa video na kwa kuungua, kwa sababu gari zilifika kabla ya mafunzo.

Msimu wa mvua unaongeza lingine. Wakati wa El Niño mwishoni mwa 2023 tuliona maji yanavyoingia mitaani. Kwa Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma. Maji yakifika hapo, usijaribu kuwasha uone kama litashika. Toka, liache, ita mtu anayejua.

Nani afanye nini

Kuna wanaosema dawa ni kupunguza umri, magari ya mtumba yawe ya miaka mitano. Sawa, betri zitakuwa changa zaidi, lakini bei itaruka na huyu dere wa Kisauni ndiye atakayefungiwa nje. Kuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

KEBS iongeze ukurasa mmoja kwenye ukaguzi: hali ya betri ya haibridi, kipimo cha kila kundi, tarehe. Mashine ya kusoma hivyo inashikwa mkononi, na gari tayari liko mbele ya mkaguzi. Mnunuzi aone karatasi hiyo kabla ya kulipa, na yadi ilazimike kuionyesha. Gari lenye betri iliyochoka bado linaweza kuuzwa, lakini bei yake iseme ukweli.

NITA tayari inatoa vyeti vya mafundi, gredi III mpaka I. Kijana wa Chaani mwenye miaka 10 kwenye injini hahitaji kurudi shule mwaka mzima. Anahitaji siku chache za umeme wa volti kubwa, glavu, na karatasi inayosema anajua. Kaunti ikitaka kuonekana inasaidia vijana, hapo ni mahali pa kuanzia.

NEMA nayo iangalie zinakoenda maiti. Ndani ya betri hizo mna nikeli na maji makali ya alkali. Kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inayomtaka anayeleta bidhaa sokoni abebe jukumu lake. Anayeingiza makontena ya haibridi yuko kwenye hesabu hiyo, ama mzigo utaachiwa mtu wa vyuma chakavu wa Miritini avunje na nyundo?

Na sisi? Ukienda yadi wiki hii, nenda na fundi mwenye mashine. Muuzaji akikataa gari lisomwe, amekujibu tayari. Ukishakuwa nalo, safisha feni kila miezi michache, weka P kwenye foleni, usikaushe tanki, na weka pembeni soo mbili kila siku kwa ajili ya betri. Kwa siku 26 hiyo ni 5,200. Ndani ya mwaka na nusu umepita elfu tisini, na siku ile pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye foleni ya feri, utakuwa unatafuta fundi. Hutakuwa unamtafuta mtu wa kukukopesha mara ya pili.